Faida ya Kucheza Nyumbani

Ukitaka kujua watu wangapi wa Majengo wanajua hesabu, usiende shuleni. Mimi nafundisha shule ya msingi, nakwambia kwa uchungu, huko hesabu hakuna. Subiri ligi ya mitaa ifike mechi tatu za mwisho, timu yetu iwe ya nne, halafu pita kwenye kibanda cha kinyozi. Utamkuta mama wa makala, yule muuza mkaa, wenye pikipiki watatu na katekista mzima wakijadili tofauti ya mabao. Kila mmoja ana jibu lake, na majibu yote yanatupeleka fainali.

Mimi ndiye nilikuwa katibu wa timu. Sikuchaguliwa kwa kuujua mpira. Nilichaguliwa kwa sababu nina mwandiko mzuri na kwa sababu kocha alikuwa baba yangu, na kwetu Goma sifa mbili hizo zinatosha kwa kazi kubwa zaidi ya hiyo. Wachezaji waliniita Madame Secrétaire. Niliandika barua ambazo ligi haikuzijibu, nilitunza kadi za wachezaji, na kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya shule, niliandika msimamo wa ligi kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa mlangoni kwa kinyozi. Watu waliusoma kama wanavyosoma orodha ya waliofaulu mtihani, wakitafuta jina lao kwanza, kisha jina la jirani wanayetaka ashindwe.

Baba alikuwa ameifundisha timu hiyo misimu kumi na tisa. Zamani alikuwa dereva wa lori, mzaliwa wa Kalengera, mtu wa maneno machache. Akikasirika sana alirudi kwenye Kinyarwanda cha mama yake, na wachezaji walijua kwamba hapo hakuna kujibu, ni kukimbia tu. Katika misimu kumi na tisa alikuwa amefika nusu fainali mara nne. Zote nne alicheza ugenini, zote nne alifungwa. Fainali hakuwahi kuicheza hata moja. Msimu huu ninaousimulia, magoti yake yalikuwa yameshaanza kumgomea, na aliwaambia wachezaji mapema kwamba huu ndio wa mwisho. Mimi peke yangu aliniambia kile alichokitaka, siku moja tulipokuwa tunakula bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, nyumbani kwake.

"Mama," aliniambia, maana kwetu binti ni mama hata kwa baba yake, "miye nataka finale moja tu. Ata batufunge mabao kumi. Niicheze moja, kisha nitakaa."

Sikuwahi kumsikia baba akitaka kitu. Ni mtu anayesema "inatosha" kabla hujampakulia. Kwa hiyo nililiweka jambo hilo moyoni, na balaa lilianzia hapo, kwa kuwa mimi nikiliweka jambo moyoni huwa silitoi bila kuvunja kitu.

Mpangilio wa ligi wenyewe ni mwepesi, ingawa kwa kinyozi ulijadiliwa wiki tatu. Timu ni nane. Kila moja inakutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Nne za juu zinaingia nusu fainali: wa kwanza anampokea wa nne, wa pili anampokea wa tatu, mechi moja tu, kwenye uwanja wa yule aliye juu. Fainali inachezwa kwenye uwanja mkubwa wa mji, ule wenye majukwaa. Kwa hiyo kuingia nne bora peke yake si habari. Wa tatu na wa nne wanapewa heshima ya kwenda kufungwa mbele za watu, na katika kazi hiyo sisi tulikuwa na uzoefu wa kutosha.

Na kucheza nyumbani kwetu sisi kulikuwa na maana ya pekee. Uwanja wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, kama mji wenyewe ulivyokaa. Wengine walimwaga udongo juu yake wakapata uwanja. Sisi pia tulimwaga, ila upande wa soko, hatua kama kumi na tano kutoka kwenye kona, kuna jiwe lililokataa kufunikwa. Lilikuwa jeusi, pana kama godoro la mtu mmoja, likifika chini kidogo ya goti. Tuliliita Mgongo. Wageni walilichukia, waamuzi walilizunguka. Kanuni za ligi zilikuwa na ukurasa mzima juu ya rangi ya soksi, lakini juu ya jiwe ndani ya uwanja hazikusema neno.

Baba alilisoma jiwe lile misimu yote kumi na tisa. Alijua kwamba mpira wa chini ukiligonga upande wa kushoto unaruka na kukata ndani, karibu na alama ya penalti. Ukiligonga upande wa kulia unafia hapohapo, na beki anayeukimbilia anapitiliza hadi kwa mama wa mandazi. Alimfundisha winga wetu wa kulia kuupiga mpira huo huku anakimbia, bila kuangalia. Alimfundisha mshambuliaji wetu kuanza kukimbia kabla mpira haujagusa jiwe. Alifanya hivyo mwezi baada ya mwezi mpaka miguu yao ikajua yenyewe. Kipindi tulichoshambulia upande wa soko tulifunga, kipindi kingine tulijilinda, na mbinu yetu yote ilikuwa hiyo. Timu nyingine zilikuwa na wachezaji kumi na mmoja. Sisi nyumbani tulikuwa na kumi na wawili, na huyo wa kumi na wawili hakuumwa wala hakuomba nauli.

Haya. Zilipobaki mechi tatu, timu ya mtaa wa karibu na mpaka ilikuwa imeshaikimbia ligi, na tulikubaliana kuwaachia nafasi ya kwanza, kana kwamba walikuwa wanatuomba ruhusa. Nyuma yao Keshero walikuwa na pointi ishirini na mbili, timu ya njia ya uwanja wa ndege ishirini, sisi kumi na tisa. Wiki hiyo wataalamu walifungua ofisi zao. Kinyozi alisema heri tufungwe makusudi tubaki wa nne, kwa sababu mfungaji wa timu ya mpakani angekuwa na harusi ya dada yake Bukavu siku ya nusu fainali. Alilieleza hilo akiwa na mashine mkononi, juu ya kichwa cha mteja aliyenyolewa nusu, umeme ukakatika, naye hakunyamaza. Katekista alikuwa ameombea nafasi ya pili na alijibiwa. Wenye pikipiki waliamini kila kitu kinategemea mwamuzi amekula nini asubuhi. Mama wa makala, ambaye hakuwahi kutazama mechi hata moja mpaka mwisho, alitaka tu kujua tunaanza kushinda lini.

Baba aliwasikiliza wote akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Kisha akasema, "Tuwe deuxième, ba pili. Tucheze kwetu." Akaenda zake mazoezini.

Mechi ya kwanza kati ya zile tatu tulishinda, Keshero wakatoka sare, njia ya uwanja wa ndege wakafungwa. Ya pili sisi tukatoka sare, Keshero wakafungwa, wale wengine wakashinda. Jumatatu niliandika ubaoni timu tatu zenye pointi ishirini na tatu kila moja, na kati ya hizo tatu, sisi ndio tuliokuwa na tofauti mbaya ya mabao. Siku ya mwisho Keshero na njia ya uwanja wa ndege wangekutana wenyewe kwa wenyewe, kule Keshero. Sisi tungempokea yule wa mkiani. Mmoja wao akishinda, angetupita kwa mabao. Ili tuwe wa pili, sisi tushinde, na wao watoke sare. Hata watoto wangu wa darasa la tatu walielewa hilo, watoto ambao saba mara nane inawatoa machozi.

Siku ya mwisho tulishinda moja bila. Sitasema tulicheza vizuri, kwa sababu walikuwepo mashahidi. Dakika kama ya sabini winga wetu alishuka upande wa soko, akaupiga mpira chini, Mgongo ukaupokea na kuutoa kama kawaida, mshambuliaji akaukuta akiwa peke yake na kipa. Filimbi ya mwisho ikalia na hakuna aliyeondoka. Tulikuwa tumemtuma mwenye pikipiki mmoja Keshero atupigie simu, naye alikuwa hapokei. Mtaa mzima ulisimama ukiiangalia simu yangu. Ilipolia, sauti ya kwanza tuliyoisikia ni ya watu wanaozomeana, kisha yake: "Un partout! Imekwisha! Un partout! Moja kwa moja!"

Katekista alianza wimbo. Kinyozi, yule wa kufungwa makusudi, alitangaza kwamba alilijua hilo tangu mwanzo. Baba alivuka uwanja polepole, akaenda akaketi juu ya Mgongo, akafuta uso kwa kofia yake. Tulikuwa wa pili. Keshero walikuwa wa tatu, wamewazidi njia ya uwanja wa ndege kwa bao moja la tofauti, na Jumapili ya wiki iliyofuata wangekuja kwetu. Mechi moja, kwenye uwanja wa baba, na baada yake fainali.

Mtu mwenye akili angeishia hapo, akanunua chokaa ya mistari, akalala. Ila mimi nilikuwa na akili nyingi zaidi ya hiyo.

Kulikuwa na donda ambalo halijapona. Keshero walipokuja kwetu katikati ya msimu tuliwafunga mbili kwa moja, na nahodha wao alijikwaa kwenye Mgongo akaanguka kifudifudi. Siku iliyofuata video ya anguko lile ilizunguka WhatsApp ya mji mzima. Badala ya kumcheka nahodha, watu walitucheka sisi. Chini yake mtu wa Keshero aliandika: "Majengo, banacheza juu ya makaburi." Keshero wako karibu na ziwa. Wana upepo, wana maua ukutani, na uwanja wao ni tambarare hivi kwamba mpira ukiuweka chini unabaki ulipouweka. Maneno yale yaliniuma kuliko nilivyokubali. Wenzangu wa shuleni walinionyesha video hiyo mara tatu kwa siku, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza.

Na sasa watu haohao wangekuja tena, safari hii na wake zao, na viti vyao vya plastiki, na chef wa quartier wao, mkuu wa mtaa, na waandishi wa redio. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wahenga walivyosema, lakini wahenga hawakuwa na WhatsApp. Niliona picha zetu zitakavyokuwa, mahali pale peusi katikati ya kijani kidogo tulichonacho, na aibu ikanishika mapema kabla ya tarehe yake. Jumatano nilikwenda kwa chef wa quartier wetu nikamwambia salongo ya Jumamosi ifanyike uwanjani. Salongo ni ile kazi ya pamoja ya asubuhi, kila nyumba inatoa mtu mmoja na kifaa kimoja, na kwa kawaida kinachotoka ni mtu mmoja na sababu moja. Chef alikubali upesi. Niliandika tangazo kwa mwandiko wangu maarufu: Tusafishe uwanja, tuwapokee wageni kwa heshima. Sikumwambia baba. Nilitaka aje akute.

Baba anasali Jumamosi, kwa hiyo hakuna mtu aliyemtegemea kwenye salongo. Mimi niliiacha Sabato nilipoolewa kwa Wakatoliki, kwa hiyo saa moja asubuhi nilikuwa uwanjani na daftari la majina. Na walikuja. Sijui niseme nini, walikuja wote. Mama wa makala alikuja na ndoo. Kinyozi, ambaye mikono yake haijawahi kushika kitu kizito kuliko kitana, alikuja na jembe. Wenye pikipiki waliziegesha kwa mstari wakavua makoti. Watu niliokuwa nawaona tu kwenye matanga walikuja na majembe, mafagio, na nyundo. Tulifukia mashimo, tukaokota chupa, tukapaka miti ya goli chokaa. Kisha kila mtu akawa anauangalia Mgongo.

Wanawake wanaoponda kokoto kando ya barabara ndio waliojua dawa yake. Walirundika matairi ya zamani juu ya jiwe, wakayawasha, wakayaacha yaungue mpaka jiwe likashika moto, kisha wakamwaga maji baridi kwa bidoni, madumu kwa madumu. Jiwe lililia. Lilipasuka toka upande hadi upande, na mtaa mzima ukapiga vigelegele, na mimi nilipiga vya kwangu. Kisha nyundo zikaingia. Aliyepiga kwa hasira kuliko wote alikuwa winga wetu wa kulia, kwa sababu jiwe lile lilikuwa limemtoa kucha mbili. Alilipiga kama vile lilimwibia mke.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza. Mshambuliaji wetu, kijana mpole, fundi wa cherehani, alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Madame, na ule mpira yetu ya ku kona, tutaucheza wapi?"

Nikamjibu, na jibu hili nitakufa nalo, "Kesho tutacheza football moderne."

Maskini, akaniamini. Si mimi ni mwalimu? Akainama akachukua jiwe.

Kufikia saa sita palikuwa tambarare. Tulimwaga udongo, tukakanyaga, tukafagia. Mawe yalipakiwa kwenye chukudu mbili, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, yakaenda kuwa msingi wa choo kipya cha mtu mmoja wa hapa ambaye simtaji, na choo hicho mpaka leo hakina ufa. Nilipiga picha kumi na nne. Nilizituma kwa wenzangu wa shuleni, nikaomba aliye na namba ya Keshero awatumie.

Baba alifika wakati watu wanajipanguza. Alikuwa ametoka kusali, suti yake ya kijivu, Biblia kwapani. Watu walijipanga wakitabasamu, kama wanavyofanya mtu akiletwa kwenye sherehe yake bila kujua. Alisimama pale ulipokuwa Mgongo. Aliangalia chini muda mrefu, akasogeza udongo kidogo kwa ncha ya kiatu.

"Nani njo alisema?" aliuliza.

Watu zaidi ya mia walininyooshea kidole kwa furaha.

"Aksanti," alisema baba. Akaanza kuwapa mkono, mmoja mmoja. Aliwapa wote, hata wale wenye masizi mpaka viwiko, na mkono wa suti yake ukawa mweusi. Nilifikiri amezidiwa na furaha. Siku hiyo mchana nilikuwa mwanamke mwenye kiburi kuliko wote wa Kivu ya Kaskazini.

Mechi ilikuwa kesho yake saa tisa. Keshero walikuja kama nilivyowaona kichwani, na viti vyao na wake zao, na nahodha wao alipoingia kujinyoosha alikwenda moja kwa moja upande wa soko kutafuta adui yake. Hakumkuta. Alitembea mara mbili mahali pale akirudi nyuma. Kisha akawaita wenzake, wakaja wakaangalia, wakatazamana. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa nimejaa sifa mpaka machoni. Niliona wanashangaa usafi.

Wakaanza kucheza kama wako kwao. Mpira ulikwenda ulikotumwa, kitu ambacho uwanja wetu haukuwahi kukiruhusu. Walipasiana kumi, kumi na mbili, vijana wetu wakikimbia katikati yao kama watu wanaotafuta basi. Kipindi cha kwanza wakafunga moja. Sikuogopa bado. Kipindi cha pili tungeshambulia upande wa soko, na upande wa soko ndio ulikuwa wetu.

Dakika ya kwanza tu ya kipindi cha pili winga wetu alishuka, akapiga ule mpira wake wa chini, bila kuangalia, kama alivyofundishwa. Mshambuliaji alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea alama ya penalti. Mpira ulipita mahali pa Mgongo ukaendelea na safari zake, ukavuka mstari, ukasimama miguuni pa mama wa mandazi. Mshambuliaji akasimama peke yake mbele ya goli, akigeuza kichwa huku na huku.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nakwambia kweli, mpaka sekunde ile sikuwa nimeelewa.

Winga alirudia. Si kwamba alikuwa mjinga, akili yake ilijua, lakini miguu ilikuwa imeshafundishwa na baba, na miguu haikuhudhuria salongo. Nilihesabu mara tisa. Mara tisa mpira ukaenda kwa mama wa mandazi, mpaka akaanza kuurudisha mwenyewe kabla ya kuombwa. Keshero waliacha hata kumkaba winga wetu. Dakika za mwisho wakafunga la pili, zuri, pasi nane chini kwa chini juu ya udongo niliosimamia kufagiwa kwake. Mbili bila.

Kocha wa Keshero alivuka uwanja kuja kumpa baba mkono. "Muzee, félicitations ya terrain," alimwambia akiuonyesha uwanja kwa mkono, na alimaanisha. "Tangu nianze kuja huku, leo njo tumecheza muzuri." Watu wa Keshero waliokuwa karibu walipiga makofi, kwa ajili ya uwanja. Redio iliusifu pia. Kinyozi alisema alijua tangu mwanzo kwamba tulipaswa kuwa wa nne.

Wiki nzima sikwenda kwa baba. Nilikuwa na daftari za kusahihisha, nilikuwa na kikohozi, nilikuwa na kila kitu isipokuwa uso wa kumwonyesha. Majuto ni mjukuu, na wa kwangu alizaliwa ameshaota meno. Jumapili akanipigia simu mwenyewe.

"Mama, vaa. Tunaenda kuona finale."

Tulilipa kiingilio kama watu wengine, tukapanda jukwaa polepole, yeye akishika bega langu kwa ajili ya magoti. Keshero na timu ya mpakani. Nyasi zilikuwa za kweli. Nilimtazama akiziangalia, na baada ya dakika kama kumi sikuweza tena.

"Papa, unisamehe. Ni miye nilivunja finale yako."

Alingoja mpira utoke nje.

"Ile samedi ya salongo," alisema, "nilipita pale asubuhi. Mbele ya kwenda kusali."

"Asubuhi? Saa ngapi?"

"Saa mbili hivi. Mulikuwa munatafuta matairi. Nilisimama ku pharmacie, kwa pembeni. Haukuniona."

Saa mbili moto ulikuwa haujawashwa. Saa mbili Mgongo ulikuwa mzima.

"Na ulijua?"

"Ningekosa kujua, miye?"

"Sasa juu ya nini haukusema, Papa? Neno moja tu! Tungeacha!"

Alivua kofia akaiweka kwenye goti. "Dix-neuf ans, mama, miaka kumi na tisa. Banakuja, banaangalia, banatukana arbitre, banarudi kwabo. Ata siku moja mutu hakuleta nyundo. Siku ile, naona quartier muzima. Ule mama wa makala, alikuwa na ndoo ya maji ku kichwa, anaileta ku terrain yangu. Anacheka. Ningemuambia airudishe?"

Wakati huohuo Keshero wakafunga, jukwaa zima likasimama, na baba akasimama pia, akajishikilia kwangu, akapiga makofi kwa adabu, kama kocha mmoja anavyompigia mwenzake. Mimi nikakaa chini nikalia kwa sauti, mbele za watu, kama mtu aliyefiwa, na mama mmoja mwenye jezi ya Keshero akanikumbatia kutoka nyuma akaniambia nilie tu, furaha kama hii haiji kila siku.